Nguzo za Umeme Katika Ramani ya Wote: Kazi Inayovihusu Vyama vya Msingi

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi hoja ya kununua mashine huletwa mara kwa mara. Wakulima wa mpunga hutaka mashine ya kukoboa, wakulima wa kahawa hutaka mashine ya kumenya kahawa mbivu, na wafugaji hutaka tangi la kupozea maziwa. Bei ya mashine hujadiliwa, masharti ya mkopo hujadiliwa, na mahali pa kujenga banda hujadiliwa. Lakini swali moja aghalabu hupita bila jibu kamili: umeme utakaoizungusha mashine hiyo uko wapi, ni wa namna gani, na kutoka kwenye transfoma hadi kwenye ghala la chama ni umbali gani?

Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba "kijiji kina umeme". Jibu hilo huwa la kweli, lakini halitoshi. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka 2005, umeme umefikishwa karibu katika vijiji vyote. Hata hivyo kijiji si nyumba moja. Kijiji ni vitongoji, na vitongoji vingine viko mbali na barabara ile ambayo nguzo zilipita. Kijiji kikishahesabiwa kwamba kimefikiwa, ghala la chama laweza kuwa bado liko kilomita tatu kutoka kwenye transfoma. Takwimu ya kijiji haionyeshi jambo hilo. Ramani yenye nguzo ndiyo inayolionyesha.

Makala haya yanaeleza jinsi wanachama wenyewe wanavyoweza kuziandika nguzo na njia za umeme katika ramani ambayo haina mwenyewe mmoja, na inayotumiwa na watu wote bila malipo. Yanaeleza pia kanuni zinazoifanya kazi hiyo iwe ya kuaminika, kwa maana ramani yenye uongo ni hasara kuliko kutokuwa na ramani.

RAMANI YENYEWE

Ramani inayozungumzwa huitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo ramani nzuri za nchi ile zilikuwa za kulipiwa. Shabaha yake ilikuwa kwamba kila mtu achangie kile anachokijua kuhusu mahali anapoishi, na matokeo yawe ya wote. Yeyote mwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti anaweza kujiandikisha, kuongeza barabara, kisima, shule au nguzo, na kusahihisha kosa la mwenzake.

Mwanachama wa ushirika hatapata taabu kuuelewa mpango huo. Kila mmoja huleta kidogo, na kila mmoja hutumia jumla. Tangu mwaka 2012 yaliyomo hutolewa kwa leseni iitwayo ODbL. Leseni hiyo yamruhusu mtu yeyote kutumia yaliyomo, hata kwa biashara, kwa masharti mawili makubwa: awataje waliochangia, na akiziongezea taarifa hizo nyingine na kuzitoa hadharani, azitoe kwa masharti yale yale. Hakuna awezaye kuchukua jasho la wengi na kulifungia ndani.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana wazi Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoupiga mji wa Port-au-Prince nchini Haiti. Watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali waliichora mitaa ya mji huo kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo. Hapa nchini, kazi ya Ramani Huria iliyoanza mwaka 2015 iliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam, wakaandika mifereji, njia na nyumba katika kata zinazopatwa na mafuriko. Mwaka huo huo ilianza kazi ya Crowd2Map, ambayo imeongeza vijiji na barabara nyingi za mikoani. Katika Mkoa wa Mara ramani hizo zimewasaidia wanaowaokoa wasichana wasikeketwe kufika kwenye vijiji ambavyo awali havikuonekana katika ramani yoyote.

KWA NINI MWENYEJI NDIYE ANAYEHITAJIKA

Yawezekana katibu akauliza: ikiwa picha za angani zipo, wanachama watembee chini ya nyaya kwa nini? Swali hilo lina jibu. Mnara mkubwa wa chuma huonekana angani kwa umbo lake, na zaidi kwa kivuli chake. Mwaka 2018 kampuni ya Development Seed, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia, ilitumia kompyuta kuitafuta minara ya njia kuu za umeme katika picha za Nigeria, Pakistan na Zambia, kisha wachoraji wakaihakikisha na kuiunganisha katika ramani. Kwa njia kuu, kazi hiyo ilifaa.

Nguzo ya kijijini ni jambo jingine. Ni nyembamba, mara nyingi imesimama kando ya miti, na waya wake hauonekani kabisa. Picha yaweza kuwa ya miaka mitatu iliyopita, kabla nguzo haijasimikwa. Na hata nguzo ikionekana, picha haisemi kama ina nyaya mbili au tatu, wala kama transfoma imefungwa. Mambo hayo yote hujulikana na mtu aliyesimama chini yake. Mtu huyo ni mwanachama anayepita hapo kila siku kwenda shambani.

KUISOMA NJIA YA UMEME KUTOKA CHINI

Kabla ya kuandika yafaa kujua kinachotazamwa. Umeme husafiri kutoka kwenye mitambo kwa msongo mkubwa, kwa sababu msongo ukiwa mkubwa upotevu njiani hupungua. Hapa nchini njia hizo kuu ni za kilovoti 66, 132, 220 na 400, nazo kwa kawaida hubebwa na minara ya chuma. Zikifika katika kituo cha kupoza umeme, msongo hushushwa hadi kilovoti 33 au 11. Huo ndio msongo wa kati, unaobebwa na nguzo za miti au za zege kwenda vijijini. Mwishoni transfoma huushusha msongo tena hadi volti 400 kati ya waya na waya wa njia tatu, ambazo ni sawa na volti 230 kwa nyumba ya njia moja. Hiyo ndiyo njia ya msongo mdogo.

Kwa chama kinachotaka mashine, habari muhimu kuliko zote ni idadi ya nyaya katika njia ya msongo wa kati inayoifikia transfoma. Nyaya tatu maana yake ni kwamba umeme wa njia tatu, ambao mafundi huuita fezi tatu, umefika mahali hapo. Nyaya mbili maana yake ni kwamba tawi hilo limejengwa kwa njia moja. Taa, redio na jokofu havitofautishi. Mota kubwa hutofautisha. Mashine nyingi za kukoboa na kusaga zenye mota ya nguvu za farasi 20, yaani kiasi cha kilowati 15, zimetengenezwa kwa umeme wa njia tatu. Chama kikizinunua na kuzifikisha mahali penye njia moja, zitakaa ghalani zikisubiri, na riba ya mkopo haitazisubiri.

Nyaya tatu peke yake hazimalizi jambo. Yapasa kuitazama transfoma yenyewe. Transfoma ya njia tatu ina vikombe vitatu upande wa juu unaoingiza msongo wa kati. Ya njia moja inayofungwa kati ya nyaya mbili ina vikombe viwili. Kibao chake hutaja uwezo wake kwa kVA, na kama kinasomeka kutoka chini uwezo huo uandikwe. Mota inapowashwa moja kwa moja hudai, kwa muda mfupi, mkondo ulio mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida. Transfoma ndogo inayohudumia kitongoji kizima itayumba, na taa za wanachama zitafifia kila mashine inapoanza.

Tena upo umbali. Msongo mdogo hupungua nguvu kadiri waya unavyokuwa mrefu. Mashine iliyo karibu na transfoma itazunguka vizuri, na mashine kama hiyo hiyo mwishoni mwa njia ndefu itapata moto na kuungua. Nguzo zikiisha kuandikwa katika ramani, umbali huo hupimwa bila kamba wala kukisia.

JINSI YA KUANDIKA

Katika OpenStreetMap nguzo huwekwa kama nukta, na njia ya umeme huchorwa kama mstari unaopita katika nukta hizo. Nukta ya nguzo haina budi kuwa sehemu ya mstari wenyewe. Nguzo iliyowekwa kando ya mstari ni sawa na hati isiyobandikwa kwenye jalada lake. Mahali njia inapogawanyika, mistari miwili hukutana katika nukta moja ya nguzo, ili msomaji aone kwamba umeme watoka njia hii kuingia ile.

Kila nukta na kila mstari hupewa lebo. Lebo ina sehemu mbili: jina la safu na kinachoingizwa katika safu hiyo, kama ilivyo katika daftari la chama. Maneno ya lebo yaliwekwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, nayo hayatafsiriwi wala hayabadilishwi herufi, maana kompyuta huyatambua kwa umbo hilo tu. Katibu ayanakili kama yalivyo. Yanayohitajika zaidi ni haya:

1. Nguzo yoyote inayobeba nyaya za umeme: power=pole. Kama ni ya mti huongezwa material=wood; kama ni ya zege, material=concrete; kama ni ya chuma, material=steel.

2. Mnara wa chuma wa njia kuu: power=tower.

3. Njia ya umeme inayobebwa na nguzo, ya msongo wa kati au mdogo: power=minor_line.

4. Njia kuu inayobebwa na minara: power=line.

5. Waya uliofukiwa ardhini: power=cable, pamoja na location=underground.

6. Transfoma iliyofungwa juu ya nguzo: nguzo hiyo hubaki power=pole, na huongezwa transformer=distribution.

7. Kituo cha kupoza umeme: power=substation, nacho huchorwa kwa kufuata uzio wake.

8. Nguzo ya simu isiyobeba umeme: man_made=utility_pole, pamoja na utility=telecom. Nguzo ya simu isiandikwe kamwe kuwa ya umeme. Kosa hili ni jepesi kutendeka kando ya barabara za zamani.

Mstari wa njia ya umeme huongezewa maelezo yake. Msongo huandikwa katika voltage, kwa volti kamili na bila kutaja kipimo: kilovoti 33 huandikwa voltage=33000, na kilovoti 11 huandikwa voltage=11000. Idadi ya nyaya zinazobeba umeme huandikwa katika cables. Waya wa kuzuia radi unaopita juu kabisa ya minara hauhesabiwi. Mwenye kuiendesha njia huandikwa katika operator. Kwa hiyo tawi la kawaida linaloingia kijijini laweza kuandikwa hivi: power=minor_line, voltage=33000, cables=3, operator=TANESCO. Lebo hizo nne zinatosha kumwonyesha mhandisi, mkopeshaji au muuza mashine kama umeme wa njia tatu umekifikia kitongoji hicho.

Mara nyingi nguzo moja hubeba njia mbili, ya msongo wa kati juu na ya msongo mdogo chini yake. Hapo misongo yote miwili huandikwa ikitenganishwa kwa nukta mkato, ule mkubwa ukitangulia: voltage=33000;400.

Kuhusu chombo cha kuandikia, mwenye kompyuta hufungua ukurasa wa OpenStreetMap na kuchora papo hapo. Mwenye simu ya Android aweza kutumia programu ya Vespucci, ambayo huhifadhi kazi mahali pasipo na mtandao na kuipeleka baadaye. Lakini wanachama wasio na simu za namna hiyo hawako nje ya kazi. Karatasi yenye safu za namba ya nguzo, aina yake, idadi ya nyaya, transfoma na tarehe, ikijazwa vizuri njiani, humtosha katibu kuingiza yote jioni, ilimradi mahali pa nguzo za mwanzo, za kona na za mwisho pamepimwa kwa simu moja. Mahali penye uwazi simu hupima kwa kukosea mita chache tu.

KANUNI YA MKAGUZI: KILICHOONEKANA NDICHO KINACHOANDIKWA

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini kila katibu aliyewahi kukaguliwa anajua kwamba daftari lenye maingizo yasiyo na hati ni baya vile vile. Mkaguzi hasomi tu kwamba ghalani mna magunia 400. Huingia ghalani akayahesabu. Ramani nayo ina kanuni hiyo hiyo: linaloandikwa ni lile ambalo mtu mwingine akienda mahali pale atalikuta.

Kanuni hii hujaribiwa zaidi na nguzo zisizo na waya. Si jambo geni kuona nguzo zimelazwa kando ya barabara, au zimesimikwa na kusubiri nyaya kwa miezi mingi. Wananchi hufurahi, na furaha hiyo huweza kumvuta mwandishi achore njia nzima ya umeme hadi mwisho wa kitongoji. Asifanye hivyo. Nguzo iliyolala chini haiandikwi. Nguzo iliyosimama huandikwa power=pole, kwa kuwa ipo. Mstari ambao nyaya zake zinaendelea kufungwa huandikwa construction:power=minor_line, maana yake njia inajengwa. Njia iliyotangazwa tu katika mkutano, ambayo haina hata shimo la nguzo, si ya kuchorwa na chama. Na njia iliyokufa, ambayo nyaya zake zimebaki bila umeme kwa muda mrefu, huandikwa disused:power=minor_line.

Tofauti ya maneno hayo yaweza kuonekana kuwa ndogo, lakini ndipo fedha za chama zinapopotea au kuokoka. Chukua mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa mpunga kinachoomba mkopo wa mashine ya kukoboa. Ikiwa ramani inaonyesha njia ya nyaya tatu imefika mita 200 kutoka kwenye ghala, halmashauri itaagiza mashine. Ikiwa aliyechora aliona nguzo tu akazijazia nyaya kwa matumaini, chama kitalipa marejesho ya kwanza kabla gunia la kwanza halijakobolewa. Zaidi ya hayo, kitongoji kinachoonekana kwenye ramani kwamba kina umeme hakina hoja ya kuomba kipewe. Anayeandika uongo wa kukipamba kijiji chake huenda ndiye anayekinyima haki yake.

Kanuni ya pili inafuatana na hiyo: asiyejua aache wazi. Kwa asiye fundi si rahisi kutofautisha njia ya kilovoti 11 na ya kilovoti 33 kwa kutazama vikombe tu, ingawa vya kilovoti 33 huwa vikubwa zaidi. Kama kibao cha transfoma hakisomeki na mtu wa TANESCO hajaulizwa, safu ya voltage isijazwe. Njia isiyo na voltage bado ina manufaa, na mwingine ataijaza. Njia yenye voltage ya kubuni itasomwa kama kweli na kila atakayeiona. Kutojaza si kosa. Kubuni ni kosa.

Kanuni ya tatu ni ya kutonakili. Njia zisichukuliwe kutoka ramani za kampuni nyingine, hata kama zinaonekana bure katika simu. Hizo ni mali yenye masharti yake. Picha za angani zinazoruhusiwa ni zile zinazofunguka ndani ya programu za kuchorea, kama zile za Bing ambazo kampuni ya Microsoft iliruhusu zitumike tangu mwaka 2010. Michoro ya shirika la umeme nayo isinakiliwe pasipo ruhusa yake iliyoandikwa.

Ramani yenyewe ina njia ya kumkumbusha mwandishi wajibu wake. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la kujiandikisha la aliyelifanya na tarehe yake, na kabla ya kulipeleka huombwa aeleze kwa maneno machache amefanya nini na ameijuaje habari hiyo. Maelezo hayo ndiyo hati ya malipo ya ramani. "Nguzo 34 na transfoma 1, zimeonekana kwa macho" ni maelezo ya kutosha. "Masahihisho" si maelezo. Na ili anayekuja baadaye ajue habari ni ya lini, mstari waweza kuongezewa check_date na tarehe ya ukaguzi, mwaka ukitangulia, kisha mwezi na siku.

TAHADHARI

Usalama utangulie kazi. Hakuna sababu ya kupanda nguzo, kugusa waya wa kushikilia nguzo, au kunyanyua mti au ngazi ili kupima kimo. Yote yanayohitajika huonekana kutoka ardhini, mtu akiwa amesimama pembeni. Waya ulioanguka uhesabiwe kuwa una umeme, hata kama kijiji kizima kiko gizani. Watu wazuiwe wasiusogelee na ofisi ya TANESCO iarifiwe mara moja. Ramani si mahali pa kuripotia hatari. Msimu wa mvua na radi si wakati wa kutembea chini ya nyaya.

Vituo vya kupoza umeme na mitambo yenye uzio na walinzi visiingiwe wala kupigwa picha bila ruhusa. Watakaotembea wawe na barua ya chama, na uongozi wa kijiji uarifiwe mapema, ili watu wanaohesabu nguzo na kuandika wasidhaniwe kuwa wanapima mashamba ya wenyewe.

Kuna hofu nyingine inayostahili kujibiwa. Wapo watakaosema kwamba kuandika transfoma katika ramani ni kuwaelekeza wezi wa mafuta ya transfoma na nyaya. Hofu hiyo isidharauliwe, maana wizi huo umekwisha kuviingiza vijiji gizani. Lakini transfoma imesimama kando ya barabara, na kila apitaye huiona. Mwizi hahitaji ramani. Anayeihitaji ni mkulima anayetaka kujua umeme umefika wapi. Hata hivyo mpaka uwepo. Majina ya wateja, namba za mita za LUKU, zamu za walinzi na udhaifu wa milango si habari za ramani. Karatasi za safari zenye majina ya wanachama zibaki katika jalada la chama.

KUIPANGA KAZI KATIKA CHAMA

Kazi hii haihitaji fungu kubwa la fedha. Inahitaji utaratibu. Chama kigawe eneo lake kwa vitongoji, na kila kitongoji kipewe wanachama wawili: mmoja wa kuhesabu, mwingine wa kuandika. Kazi ianze kwenye transfoma na kufuata njia hadi nguzo ya mwisho, si kuokota nguzo hapa na pale. Ghala, ofisi, kituo cha ununuzi na mashine zilizopo viandikwe pia, kwa kuwa shabaha ni kujua umbali kati ya vitu hivyo na umeme. Kwa kawaida jengo lililo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo huweza kuunganishwa pasipo kusimikwa nguzo nyingine. Kwa hiyo hata tofauti ya mita chache ina bei.

Baada ya kuingizwa, kazi ihakikiwe. Mjumbe wa kamati ya usimamizi ambaye hakushiriki achague nguzo 10 katika ramani, aende azitazame. Kama moja haipo au nyaya zake si kama zilivyoandikwa, kitongoji hicho kirudiwe. Kisha kazi itazamwe katika ukurasa wa Open Infrastructure Map, ambao huchukua habari za OpenStreetMap na kuzionyesha njia za umeme kwa rangi kulingana na msongo wake. Njia iliyokatika au isiyo na msongo huonekana hapo upesi.

Umeme na ushirika si wageni kwa kila mmoja. Nchini Marekani, baada ya serikali kuanzisha wakala wa umeme vijijini mwaka 1935, sehemu kubwa ya nyaya zilizofika mashambani zilijengwa na vyama vya ushirika vya wakulima wenyewe, kwa mikopo. Hapa nchini, katika miaka ya 1990, wakazi wa Urambo mkoani Tabora waliunda chama cha ushirika cha watumiaji umeme, wakaendesha jenereta za dizeli wakati gridi ilikuwa bado haijawafikia. Leo kujenga njia si jukumu la chama cha msingi. Kujua njia iko wapi ni jukumu lake, kwa sababu fedha inayowekwa hatarini ni ya wanachama.

Ramani haiondoi haja ya kwenda TANESCO. Kabla ya kutia saini ya kununua mashine, chama hakina budi kupata jibu la maandishi kutoka ofisi ya wilaya kuhusu uwezo wa transfoma na gharama ya kuunganishwa. Ramani hufanya swali la chama liwe sahihi. Badala ya kuandika "tunaomba umeme", katibu ataandika kwamba ghala liko mita 640 kutoka kwenye transfoma fulani, kwamba tawi linaloifikia lina nyaya tatu, na kwamba nguzo ya mwisho ya msongo mdogo iko mita 90 kutoka mlangoni. Barua kama hiyo humpa mhandisi mahali pa kuanzia.

Yafaa basi jambo hili liingizwe katika ajenda ya mkutano wa halmashauri unaofuata, na muhtasari utaje vitongoji, majina ya watakaotembea, tarehe ya kumaliza na jina la atakayehakiki. Na mashine yoyote itakapopendekezwa, mwenyekiti aagize kwanza ramani ya nguzo iwekwe mezani pamoja na hati ya bei, wanachama wazione zote mbili kabla ya kupiga kura.